Mpira wa sensa ya vakyumu kwenye Toyota ya zamani: mwongozo kamili wa kuubadilisha

Kama Corolla, Carina, Starlet au RAV4 yako ya miaka ya 1990 inatoa moshi mweusi, ralanti (mngurumo wa injini gari likiwa limesimama bila kukanyagwa) inapanda na kushuka bila sababu, na esanse inaisha kabla ya siku zake, usinunue sensa ya vakyumu nyingine kwanza. Huenda kosa ni ule mpira mwembamba unaoiunganisha na injini. Soma hapa mpaka mwisho.

Nimefungua kapo nyingi hapa Goma ambazo mwenye gari alikuwa ameshabadilisha mpira huu, wengine hata mara tatu, na ugonjwa ukabaki pale pale. Si uzembe. Kazi ni ndogo, lakini inaharibika kwa vitu vidogo: mpira wa kipenyo kisicho chake, tundu lisilo lake, au ncha iliyokatwa kwa koleo badala ya wembe. Tutapita hatua moja moja. Usiruke hata moja, hasa zile za kupima.

## Vitu vya kuandaa

- Mpira wa vakyumu wenye ukuta mnene, mita moja. Kipenyo cha ndani mara nyingi ni milimita 3.5 au 4. Utakipima katika hatua ya 7, kwa hiyo nunua baada ya kupima kama unaweza.
- Wembe mpya.
- Vipande vya drili vya milimita 3, 3.5, 4 na 4.5. Hatutoboi kitu, ni vya kupimia.
- Uzi wa kushonea nguo, na rula.
- Bomba la sindano la mililita 50 au 60, bila sindano yake. Famasi zinauza.
- Multimita, hata ile ya bei rahisi, na sindano mbili nyembamba za kushonea.
- Sprei ya kusafishia kabureta na kitambaa safi.
- Kipande cha waya cha sentimita 10, kilichochunwa ncha zote mbili.
- Skochi ya karatasi, kalamu, na simu ya kupigia picha.
- Bisibisi na spana namba 10.

### Mpira upi ununue

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, kwa hiyo tukae kidogo.

Usitumie mpira wa serumu wa hospitali. Najua unapatikana, najua ni msafi na unaonyesha ndani. Lakini ni plastiki laini. Injini ikishapata moto, mpira huo unalegea, na ule mvuto wa ndani unaubana kuta zikagusana. Asubuhi gari linatembea vizuri, saa sita mchana kwenye msongamano linaanza kukohoa. Ukifungua kapo injini ikiwa imepoa, mpira umeshafunguka tena na huoni kosa. Nimeona dereva wa teksi akizunguka na ugonjwa huo miezi miwili kwa sababu kila alipofika kwa fundi, gari lilikuwa limepona.

Mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, ule unaowekwa kwenye esanse ya pikipiki, una tabia hiyo hiyo, na baada ya muda joto linaufanya mgumu ukapasuka.

Mpira mweusi wa vakyumu wenye ukuta wa milimita 2 au zaidi ndio wenyewe. Ukikosa, mpira mweusi wa esanse wa kipenyo hicho hicho unafaa; ukuta wake ni mnene. Mpira wa silikoni nao ni mzuri kwa joto, ila ununue ule mnene: ubane katikati ya vidole viwili, kisha uachie. Ukikubali kubanwa kirahisi mpaka kuta zikagusana, uache dukani.

Ukienda kwenye maduka ya piesi ya Birere, usiseme tu "nipe mpira wa vakyumu". Beba kipande cha ule wa zamani. Na usikubali mpira uliotolewa kwenye gari bovu, hata kama ni wa kampuni yenyewe. Mpira huo una umri sawa na wako.

## Je, gari lako lina mpira huu?

Fungua kapo, tazama ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini, upande wa abiria na dereva. Tafuta kijisanduku cheusi cha plastiki, kidogo kuliko viberiti viwili, chenye waya tatu na mpira mmoja mwembamba chini yake. Hicho ndicho sensa ya vakyumu. Injini kama 4A-FE, 5A-FE, 4E-FE na 3S-FE ya RAV4 ya kwanza zinacho.

Kama hakuna kijisanduku hicho, na badala yake kuna sensa imepachikwa kwenye njia ya hewa mara tu baada ya filta, kama kwenye 1ZZ-FE au 1NZ-FE, gari lako linapima hewa kwa njia nyingine. Dizeli pia haimo humu.

Mpira huu unafanya kazi moja. Papiyo (kilango cha hewa kinachofunguka ukikanyaga pedali) likiwa limefungwa, injini inavuta hewa isiyopita, na shinikizo ndani ya kolekta (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) linashuka. Mpira unapeleka shinikizo hilo mpaka kwenye sensa, sensa inaligeuza kuwa volti, kompyuta inasoma volti na kupima esanse ya kumwaga. Mpira ukivuja, hewa ya nje inaingia, sensa inaona shinikizo kubwa, na kompyuta inaamini umekanyaga mafuta unapanda mlima. Inamwaga esanse nyingi wakati gari limesimama. Ndiyo maana buji zinakuwa na masizi meusi makavu, na eshapema inaacha alama nyeusi ukutani.

Kumbuka jambo hili: hewa haipiti kwenye mpira huu kama maji kwenye bomba. Unabeba habari tu, na tundu la ukubwa wa sindano linatosha kuiharibu.

## Hatua ya 1: Soma kodi (namba za hitilafu)

Karibu na injini kuna kisanduku kidogo chenye maandishi DIAGNOSIS. Ufunguo ukiwa umezimwa, kifungue. Ndani ya kifuniko kuna ramani ya majina ya matundu yake. Unganisha TE1 na E1 kwa kile kipande cha waya, kisha washa ufunguo bila kuwasha injini, na utazame taa ya injini kwenye dashibodi.

Taa ikipepesa haraka na kwa usawa, hakuna kodi. Ikipepesa mara tatu, ikatulia, ikapepesa mara moja, hiyo ni 31: kompyuta haipati volti sahihi kutoka kwenye sensa ya vakyumu.

Onyo: usiguse tundu lenye jina +B kwa waya huo. Lina umeme wa betri moja kwa moja.

Watu wanajidanganya hapa kwa njia mbili. Wa kwanza anaona 31 na kukimbilia kununua sensa, wakati mara nyingi ni waya uliokatika au plagi yenye kutu. Wa pili haoni kodi yoyote, anasema mpira ni mzima. Mpira unaovuja unaweza usiwashe taa kabisa, kwa sababu volti inayofika bado iko ndani ya mipaka ambayo kompyuta inaikubali. Ni volti ya uongo, lakini si volti iliyokosekana.

## Hatua ya 2: Pima volti, na ukumbuke uko Goma

Sensa iache imechomekwa plagi yake. Ingiza sindano ya kushonea taratibu nyuma ya plagi, ikifuata waya mpaka iguse chuma cha ndani. Usitoboe ngozi ya waya. Unyevu utaingia na baada ya mvua chache waya utaoza.

Washa ufunguo, injini imezimwa. Waya moja itasoma karibu 0, nyingine karibu 5. Inayobaki ndiyo inayopeleka habari, na ndiyo tunayoitaka.

Vitabu vya Toyota vinaandika volti 3.3 hadi 3.9 injini ikiwa imezimwa. Hesabu hiyo ni ya usawa wa bahari. Sisi tuko karibu mita 1,500 juu, na hewa yetu ina shinikizo pungufu kwa karibu asilimia 16. Sensa nzima hapa inasoma karibu 3.1. Nimeona sensa nzima zikitupwa kwa sababu fundi alilinganisha namba yake na kitabu kilichoandikwa kwa mtu wa pwani. Bukavu ni vilevile, ziwa ni hilo hilo moja. Lubumbashi, iliyo chini kidogo yetu, itasoma juu kidogo.

Sasa washa injini, iache ipate moto, taa na kiyoyozi vikiwa vimezimwa. Kwenye ralanti namba ishuke mpaka karibu 1.5. Ikibaki juu ya 2, sensa haipati mvuto wake wote. Tikisa ncha zote mbili za mpira polepole kwa kidole huku unatazama multimita. Namba ikiruka, au injini ikibadilisha sauti, umeshapata ugonjwa.

Andika namba zote mbili kwenye karatasi. Utazihitaji mwishoni.

Onyo: usitafute uvujaji kwa kurusha esanse au sprei ya kabureta kwenye injini inayonguruma. Cheche moja ya waya wa buji inatosha kuchoma gari. Ukitaka kusikiliza, chukua mpira mrefu wowote, ncha moja sikioni, nyingine uipitishe karibu na viungo. Uvujaji unapiga mluzi mwembamba. Funga vizuri kitenge, mtandio au tai kabla hujainama. Feni ya umeme inaweza kuanza yenyewe.

## Hatua ya 3: Piga picha na uweke alama

Zima injini, iache ipoe. Piga picha mbili: moja ya mbali inayoonyesha njia yote ya mpira, moja ya karibu kwa kila ncha.

Mipira mingine myembamba ipo pale, na baada ya miaka 30 yote ina rangi moja. Funga skochi kwenye ule tunaoubadilisha, andika SENSA upande mmoja na KOLEKTA upande mwingine. Chini ya kapo huwa kuna karatasi ya kampuni yenye mchoro wa mipira. Hata ikiwa ya Kijapani, mistari inasomeka.

Ukiamua kubadilisha mipira mingine siku hiyo hiyo, toa mmoja, weka mmoja. Usitoe yote kwa mpigo.

## Hatua ya 4: Toa mpira wa zamani

Usivute. Kinyonyo cha sensa, yaani kijibomba ambacho mpira unachomekwa, ni plastiki iliyokaushwa na joto, na kikivunjika, hapo utakuwa umenunua sensa kweli.

Pasua mpira kwa urefu wake, mstari mmoja mwepesi wa wembe juu ya kinyonyo, kisha ufungue kama ganda la ndizi. Usibonyeze wembe mpaka chini. Mkwaruzo mmoja unaofuata urefu wa kinyonyo ni njia ya hewa, na mpira mpya hautauziba.

Upande wa kolekta kinyonyo ni cha chuma, lakini fanya vilevile.

Kagua mpira uliotoka. Ukunje kila mahali: nyufa ndogo kwenye ncha, sehemu zilizong'aa kwa kusuguana na chuma, ndani kuliko na mafuta. Baadhi ya magari yana kifilta kidogo cha plastiki katikati ya mpira huu. Ukikikuta, pulizia kwa mdomo. Hewa ipite bila shida. Kimeziba? Tafuta kingine cha namna hiyo, na ukirudishe ukielekeza upande ule ule. Wengi wanakitupa na mpira, halafu ralanti inatetemeka.

Tazama pia kama ndani ya mpira kuna kijibomba kidogo chenye tundu jembamba. Hicho si uchafu. Kitoe, kisafishe, kirudi.

## Hatua ya 5: Safisha tundu la kolekta

Mpira mpya kwenye tundu lililoziba ni kazi bure. Masizi yanakaa humo polepole, na njia inabaki nyembamba kama unywele. Gari linakuwa zito kujibu ukikanyaga, kwa sababu habari inachelewa kufika kwa sensa.

Chukua drili nyembamba inayoingia kwa uhuru, izungushe kwa vidole tu, huku unafuta. Nyunyiza sprei kidogo, futa tena. Subiri ikauke kabisa.

Kisha washa injini kwa sekunde chache na uweke kidole kwenye tundu. Injini itanguruma vibaya, ni kawaida, sensa iko wazi. Unachotaka ni mvuto wenye nguvu unaokibana kidole palepale, bila kupapasa.

Hapa pia ndipo utajua kama tundu ni lenyewe. Kwenye mwili wa papiyo kuna vinyonyo vingine, wakati mwingine vimeandikwa P, E au R. Hivyo viko upande wa juu wa papiyo: kwenye ralanti havivuti, vinavuta ukikanyaga. Nimekuta sensa imeunganishwa huko, na kila mtu amelaumu sensa. Tundu letu liko kwenye kolekta, baada ya papiyo, na linavuta kwa nguvu kwenye ralanti. Kama kidole chako hakisikii kitu, usiendelee. Tafuta tundu sahihi.

Kwenye sensa usiingize chochote. Si waya, si drili, si sprei, si hewa ya kompresa. Ndani kuna utando mwembamba sana. Futa kinyonyo kwa nje na kitambaa kikavu, basi.

## Hatua ya 6: Pima sensa kwa bomba la sindano

Hatua hii ina thamani ya dola nyingi, na inachukua dakika tatu.

Kata kipande kifupi cha mpira mpya (kama bado hujaununua, pima kwanza kipenyo kama katika hatua ya 7), unganisha bomba la sindano na sensa. Kabla ya kuunganisha, weka pistoni kwenye mililita 10. Ufunguo umewashwa, injini imezimwa, multimita kwenye waya wa habari.

Vuta pistoni mpaka 30. Umeifanya hewa ile ile ijaze nafasi mara tatu, kwa hiyo shinikizo limebaki karibu theluthi. Volti inatakiwa kushuka kwa ulaini kutoka 3.1 hadi karibu 1.5, bila kuruka. Shikilia sekunde 30. Namba isipande. Kisha achia: pistoni irudi karibu na 10 yenyewe.

Pistoni ikibaki pale ulipoivuta, kuna uvujaji kwenye viungo vyako au ndani ya sensa. Bana mpira karibu kabisa na sensa kwa vidole na ujaribu tena. Ikishika sasa, uvujaji uko kwenye sensa. Namba isiposogea kabisa wakati unavuta, sensa imekufa au waya umekatika.

Usisukume pistoni kwa ndani. Sensa haikutengenezwa kwa msukumo huo.

Mimi mwenyewe niliwahi kulipa sensa mbili katika garaji moja kwa ajili ya Carina iliyokuwa inatoa moshi kila nilipopanda kuelekea Kibumba. Siku niliyojifunza jaribio hili nilipima zote tatu, ile ya kwanza pamoja na mbili mpya. Zote zilikuwa nzima. Mpira ulikuwa na ufa wa milimita nne, chini ya ncha ya kolekta, mahali jicho halifiki.

## Hatua ya 7: Pima na ukate

Kwa kipenyo, usipime ncha za mpira wa zamani, zimetanuka. Kata kipande cha katikati, ingiza nyuma laini ya drili moja baada ya nyingine. Ile inayoingia kwa kubana kidogo bila kuutanua mpira ndiyo kipenyo chako.

Kwa urefu, usiuamini mpira wa zamani. Kila ncha ilipopasuka, fundi aliyepita alikata sentimita moja na kuuchomeka tena, mpaka ukabaki umevutika kama kamba ya nguo. Pitisha uzi kutoka kinyonyo hadi kinyonyo ukifuata njia ya kwenye picha, kisha ongeza sentimita 3 au 4.

Sababu ya nyongeza hiyo: kolekta iko juu ya injini, na injini inacheza kwenye mipira minene inayoishikilia. Sensa iko kwenye mwili wa gari, haichezi. Kwenye barabara zetu za mawe ya volkano, mchezo huo ni mkubwa. Mpira uliovutika unajing'oa polepole upande wa kolekta. Lakini usiongeze nusu mita pia. Mpira mrefu sana unachelewesha habari na unaning'inia.

Kata kwa wembe, mara moja, ncha iwe mraba. Koleo linaponda, na ncha iliyopondwa inaanza kupasuka hapo hapo.

## Hatua ya 8: Chomeka na upitishe

Lowanisha ncha kwa maji tu. Usipake mafuta ya injini wala grisi; yanaulegeza mpira wa aina nyingi. Usipake gundi ya silikoni. Mvuto unaweza kuivuta ndani ikaziba tundu, na mvuke wake unaharibu sensa ya oksijeni iliyo kwenye eshapema.

Sukuma huku unazungusha kidogo, upite lile donge la kinyonyo, kama sentimita moja. Upande wa sensa, shikilia sensa kwa mkono mwingine ili nguvu isiende kwenye plastiki.

Mpira wa kipenyo sahihi unashika wenyewe. Kolie ndogo ya springi si mbaya, lakini kama bila kolie unavuja, kipenyo si chake, rudi dukani. Waya uliosokotwa kwa koleo unakata mpira ndani ya wiki chache. Usiutumie.

Kwenye njia, hakikisha mambo haya:

- Mpira hauna kona kali. Ukunje kwa duara pana.
- Haugusi chuma cha eshapema wala chuma chenye makali.
- Unashuka kutoka kwenye sensa kuelekea kolekta. Mvuke ukigeuka matone, urudi kwenye injini, usikae kwenye sensa. Ndiyo maana kampuni iliiweka sensa juu.
- Haukaribii kebo ya papiyo. Kanyaga pedali mpaka chini, mara tano, injini imezimwa, mtu mwingine akitazama. Mpira ukinasa kebo, gari litabaki limekanyagwa.

## Hatua ya 9: Futa kumbukumbu, washa, pima tena

Ufunguo umezimwa, toa fyuzi iliyoandikwa EFI kwa dakika moja, uirudishe. Kodi za zamani zinafutika, na kompyuta inaanza kujifunza upya badala ya kuendelea na masahihisho iliyoyazoea wakati mpira unavuja.

Washa injini bila kukanyaga. Dakika za kwanza ralanti inaweza kuwa juu, iache. Subiri feni iwake na kuzima mara moja. Kazi imefaulu ukiona haya:

- Volti ya ralanti imeshuka karibu na 1.5, na imetulia. Ilinganishe na karatasi yako.
- Ukikanyaga ghafla, volti inaruka juu papo hapo na kurudi papo hapo ukiachia.
- Ralanti iko kati ya mizunguko 650 na 850, bila kupanda na kushuka.
- Ukitikisa ncha za mpira, hakuna kinachobadilika. Hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Soma kodi tena kama hatua ya 1. Taa ipepese kwa usawa.

## Hatua ya 10: Barabarani

Zunguka nusu saa, upite na mlima wowote, halafu simama katika msongamano dakika kumi injini ikiwaka. Mpira dhaifu unajifichua kwenye joto, si kwenye mwendo. Rudi, fungua kapo, na ubane mpira kwa uangalifu: uwe na moto, lakini bado uwe na umbo lake.

Moshi mweusi kidogo siku ya kwanza ni masizi yaliyobaki kwenye eshapema. Baada ya siku tatu au nne toa buji moja. Ncha ianze kuwa na rangi ya kahawia nyepesi.

## Kama moshi bado upo

Volti zako ni nzuri, ralanti imetulia, lakini moshi haujaisha? Acha mpira, umefanya kazi yako. Angalia kwa mpangilio huu: filta ya hewa, ambayo kwa vumbi la hapa inaziba mapema kuliko kitabu kinavyosema, sensa ya joto la maji, kwa sababu ikisema injini ni baridi daima, esanse inamwagwa daima, sensa ya oksijeni, halafu indekta (vinyunyizi vya esanse) zinazodondosha.

Kama volti ya ralanti bado iko juu ingawa mpira ni mzima, hewa inaingia mahali pengine: mpira mnene wa servo ya breki, mpira wa mvuke wa injini, au gasketi ya kolekta. Wa servo uangalie leo hii. Huo unashikilia breki zako.

Na kabla hujafunga kapo, chomoa kijiti cha oili, ukinuse. Gari lililomwaga esanse kwa wiki nyingi linaipitisha kando ya pistoni mpaka kwenye oili, na oili hiyo inakuwa nyepesi kama maji. Ikinuka esanse, ibadilishe pamoja na filta yake kabla ya safari yoyote ndefu, kisha baada ya wiki moja kagua tena ncha mbili za mpira.